Kamba ya Mwalimu Magidu

Mwalimu Magidu wa Namatala, mjini Mbale, hakuwa mtu wa kupenda ubao. Chaki zenyewe zilikuwa adimu mwaka ule wa sabini na tano, na hata zilipopatikana alisema ubao huzaa kasuku wa kukariri tu. Hesabu zake alizitoa nje: pipa lile litamwagilia miche mingapi? Mbuzi aliyefungwa hapa atafika wapi? Mwanafunzi aliruhusiwa kukosea, mradi aeleze alifikaje huko. Na kila aliyejibu, hata mwalimu mwenyewe, aliulizwa: umejuaje?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuishi chini ya utawala wa bunduki. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa neno moja tu, na watoto walifundishwa nyumbani kufumba midomo. Darasani mwa Magidu, Khainza ndiye aliyeufumba wake kuliko wote. Alikuwa amerudia darasa, na baba yake alishasema asipofaulu safari hii atabaki nyumbani kulima. Hesabu alizijua, Magidu alimwona akizihesabu vidoleni, ila sauti haikutoka. Jambo hilo lilimuuma mwalimu kwelikweli.

Siku moja walikuwa uwanjani na kamba, wakitafuta wazungushie shamba la umbo gani ili wapate nafasi kubwa zaidi. Afande aliyekuja kukagua mashamba ya shule akawacheka.

"Kamba ni moja," alisema. "Shamba refu, shamba fupi, yote sawa tu."

Kisha ikasikika sauti nyembamba: "Afande, umejuaje?"

Alikuwa Khainza. Magidu angeweza kusema mtoto huyu hana adabu, asamehewe, na mambo yangeishia hapo. Lakini alijua fika kwamba mdomo ule ukifungwa siku hiyo hautafunguka tena.

"Nani nafundisha yeye kuuliza askari?" Afande aliuliza.

"Mimi, Afande," Magidu alisema. "Hapa tunaulizana wote. Mwache akuonyeshe."

Khainza aliitandika kamba ikawa shamba refu jembamba, akalijaza matofali yaliyoletwa kujengea choo; yakaingia machache. Akaitandika kamba ileile pande zote zikawa sawa, akaanza kujaza tena. Safari hii matofali yalizidi kuingia, hata akawaomba wenzake wamletee mengine. Afande alitazama mpaka mwisho, akakunja uso, akapanda gari lake akaenda zake.

Magidu aliketi palepale vumbini mbele ya wanafunzi wake, akawaambia bila kuficha kwamba aliogopa sana.

"Hata mimi niliogopa," Khainza alisema, huku akikusanya matofali. "Lakini jibu lilikuwa linaonekana kwenye kamba, mwalimu. Ningenyamazaje?"