Ushuhuda wa Goti

Mchungaji wetu hupenda kusimulia kwamba kituo chake cha televisheni kilizaliwa kwa maono, baada ya siku arobaini za kufunga. Mimi nilikuwepo, na sikumbuki mfungo wowote. Nakumbuka aligombana na wazee wa kanisa lake la kwanza, akaondoka na kamera yao, akapanga vyumba viwili juu ya duka la magodoro kule Troyeville, Johannesburg. Ndiyo historia yote.

Kila Jumamosi, baada ya wiki nzima ya kazi yangu ya benki, nilikuwa mtafsiri wa kipindi cha ushuhuda. Wakongomani walizungumza Kiswahili, nami nikakigeuza kuwa Kiingereza. Nilijiona mtumishi wa Bwana. Nilikuwa mpumbavu aliyevaa vizuri.

Jumamosi moja alikuja mama mmoja Mkongomani, fundi cherehani, kuombewa goti. Alipanda ngazi kwa miguu yake, polepole, akishika ukuta. Mke wa mchungaji akamsogezea kiti cha magurudumu.

"Keti hapa, Mama, upumzike."

Mama akaketi na kushukuru. Kamera zikawashwa.

"Umeumwa tangu lini?" mchungaji akamuuliza.

"Tangu mvua ilianza, Baba. Goti inaniuma nikikanyaga mashine."

Kabla sijafungua kinywa, mchungaji aliigeukia kamera na kusema kwa Kiingereza chake cha kuazima, cha puani, kwamba huyu mama hajatembea miaka saba. Kisha akamwekea mama mkono kwenye paji la uso na kunguruma, "Simama!"

Mama akasimama, kama alivyosimama asubuhi ile kutoka kitandani kwake. Watu wakapiga mayowe, wengine wakalia kabisa. Mama, ambaye hakujua Kiingereza, alinitazama.

"Banalilia nini?"

"Wanamshukuru Mungu, Mama," nikamjibu.

Kipande kile kikarushwa kabla ya kila kipindi, wiki baada ya wiki. Mchungaji akanunua suti nyeupe. Nami niliendelea kwenda kila Jumamosi, nikijiambia kwamba si mimi niliyedanganya.

Mama alikuja kujua kupitia kwa binti yake, aliyezaliwa hapa Joburg na ambaye Kiingereza ndicho lugha yake. Wateja walikuwa wakimuuliza mama amepona vipi, yeye akidhani wanaulizia goti. Binti akaona kile kipande kwenye simu na kumweleza kila neno.

Jumamosi iliyofuata alipanda zile ngazi tena, tukiwa katikati ya kurekodi.

"Ulisema mimi kilema?"

Mchungaji alitabasamu lile tabasamu lake la kamera. "Mama, ule ni ushuhuda. Unajenga imani ya watu."

"Imani yao inajengwa na uongo juu ya goti yangu?"

Hakungoja jibu. Mapazia ya zambarau yaliyofunika ukuta wa studio alikuwa ameyashona yeye, kama sadaka. Akavuta kiti, akapanda na kuanza kuyashusha, moja moja. Nyuma ya mapazia ukuta ulikuwa na ukungu na waya zinazoning'inia. Mchungaji akafoka tuzime kamera. Hakuna aliyemzuia mama. Waumini wote wale wenye nguvu za kufukuza mapepo walitazama viatu vyao. Mimi nilimshikia kiti asianguke, kisha nikabeba mapazia mpaka barabarani.

"Nisamehe, Mama," nikasema.

"Ile siku nilikuuliza," akanijibu. "Ulikuwa unajua."

Akachukua mapazia yake na kwenda.

Sikurudi tena. Kituo kimehamia jengo la vioo, na mchungaji husimulia siku ile kama shambulio la shetani lililoshindwa. Waumini huitikia amina. Mama bado anashona kule mtaa wa Bertrams. Nikipita, ananisalimu kwa heshima, kama mteja asiyemfahamu, na kurudisha macho kwenye kitambaa chake.