Tiketi Mbili za MaCele

Kila Jumamosi MaCele alinunua tiketi mbili dirishani kwangu, langoni mwa bwawa la kuogelea, ya mtu mzima na ya mtoto, na mtoto hakuwapo. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mama, mbona uko peke yako?" Akanitazama tu, mpaka nikamkatia zote mbili. Tangu hapo nilifunga mdomo, na kwangu mimi kufunga mdomo si kazi ndogo.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule hapa kitongojini kwetu, Durban, mjane mwenye binti mmoja, Zinhle. Akishaingia aliketi na nguo zake zote kwenye kiti cha plastiki, upande wa kina kirefu, akayatazama maji mpaka tufunge. Sisi wa zamani tulijua. Zinhle alipokuwa mchanga, kaka yake Lwazi alizama pale pale.

Kifo chenyewe kilikuwa nusu tu ya mateso yake. Kwetu mtu akifia nje ya nyumba, jamaa huenda na tawi la mkunazi hadi alipokata roho, wakamwita kwa jina na kumrudisha nyumbani juu ya tawi. Aliyelibeba haongei na mtu njiani, anaongea na marehemu peke yake. Baba mkwe wa MaCele alikwenda na tawi kumchukua Lwazi langoni mwa hospitali, eti kwa kuwa daktari wa huko ndiye aliyetangaza kifo.

MaCele alimlilia mzee. "Baba, mtoto alifia majini. Bado yuko kule."

"Wewe ndiye uliyemwacha," mzee akamjibu. "Ukienda kumwita, utamwambia ulikuwa wapi?"

Mzee alikufa, neno lake likabaki. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu, lakini jioni nikifunga bwawa, maji yakiwa yametulia, nilikuwa naogopa kupita karibu na kiti kile.

Mwaka jana tukaletewa msimamizi mpya, Mthethwa, kijana wa filimbi na miwani ya jua. Jumamosi moja akamfuata mama aliyeketi ukingoni, mtoto yuko titini, macho kwa mwanawe mkubwa aliyekuwa anajirusha majini.

"Dada, hapa si kliniki. Kanyonyeshee kule chooni."

"Chooni? Wewe chakula chako unakulia chooni?"

"Watu wanalalamika."

"Watu gani? Yule baba mwenye tumbo kama pipa, kifua wazi tangu asubuhi, umemfukuza? Titi la mtoto ndilo linakuuma? Na huyu anayeogelea nimwachie nani?"

"Mlinzi yupo, dada. Nyanyuka."

Yule mama akaanza kukusanya taulo. Hapo ndipo MaCele aliposimama. Nilikuwa sijawahi kumwona akisimama kabla ya saa ya kufunga.

"Kaa, mwanangu," akamwambia. Kisha akamgeukia Mthethwa. "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nenda chooni, mlinzi yupo. Nikaona haya, nikaenda. Nimekaa juu ya choo, mtoto ananyonya, nasikia watoto wanapiga kelele huku nje. Nikadhani wanacheza."

Mthethwa akavua miwani. "Sikujua, mama."

"Sasa umejua." Akajishika mdomo, kama aliyesikia maneno ya mtu mwingine. "Sikumwacha," akasema polepole. "Nilifukuzwa." Nililia pale dirishani bila aibu, na foleni ikangoja.

Yule mama hakuondoka. Alinyonyesha pale pale, macho majini.

Jumatatu asubuhi MaCele alikuja na tawi la mkunazi. Mthethwa mwenyewe alimfungulia, akavua viatu. MaCele akapiga magoti ukingoni, akagusisha majani kwenye maji.

"Lwazi, ni mama. Nilikuwa namnyonyesha dada yako. Walinitoa hapa, mwanangu, sikukuacha. Toka majini, utapata baridi. Twende nyumbani."

Alipopita dirishani kwangu nilijisahau. "Kwaheri, MaCele."

Hakunijibu. Alikuwa anatazama chini, ubavuni mwake, akienda kwa hatua fupi fupi, mwendo wa mtu aliyefuatana na mtoto. Akafungua geti, akapita, akalishika likiwa wazi. Akangoja kidogo. Ndipo akalifunga.