Siku Mtani Alipopokea Simu Yangu ya Kazini

Jamani, hii nasimulia huku nimeinamisha uso, maana hadi leo wenzangu wa kazini tukikutana wananishika mkono kwanza, eti kuhakikisha una joto.

Mimi ni mhandisi wa programu wa kampuni moja kubwa ya teknolojia, nafanyia kazi nyumbani hapa Tabora. Baba mkubwa alifariki kule Itetemia siku ya zamu yangu, yaani mfumo ukizimika simu inalia king'ora na mimi naikimbilia kompyuta. Nikajiambia, ya nini kuomba ruhusa, nazika mara moja narudi (akili zangu hizo!).

Sheikh yuko katikati ya dua, uani kimya, king'ora kikalia kama gari la zimamoto. Kabla sijaingiza mkono mfukoni, Mzee Pazi, mtani wetu Mzaramo (na mtani msibani hana breki, wala hakasirikiwi), akanipokonya simu akapokea. Aliyepiga alikuwa bosi wangu, dada mmoja wa Dar.

"Mrisho, mfumo umelala, uko wapi?"

"Mrisho ndiyo tunamzika sasa hivi, mama. Usilete maua, lete mchele."

Hapo hapo wanawake ndani wakaangua kilio, bosi akakisikia chote, Mzee Pazi akazima simu akaitia ndani ya kanzu, na jeneza likanyanyuliwa. Ningefanyaje? Nikaenda kuzika.

Simu alinirudishia watu walipomaliza ubwabwa. Kuiwasha, ujumbe wa kwanza ukanipeleka kwenye ukurasa wa kampuni. Tangazo la kifo changu, picha yangu nikitabasamu, kampuni nzima inaandika "tumepoteza jembe." Najaribu kuingia niseme nipo, akaunti yangu ya kazini imeshafungwa! Lililonimaliza kabisa ni kwamba walikuwa wamempigia mama yangu Igunga, aliyeshindwa kuja kwa sababu ya mguu, kumpa pole. Naye kila aliyempigia huku alikuwa makaburini, hapokei.

Nikampigia. "Mama, ni mimi."

"Kama ni wewe, niamkie," mama akasema.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Nikasikia simu inaanguka na mama analia, nami nikakaa pale pale mchangani nikalia kama mtoto.

"Huyu naye analia nini," akauliza Mzee Pazi, "si tumeshamzika?"

Kazi sikufukuzwa, ila siku hizi hata akifa jirani wa jirani naomba ruhusa, na msibani naingia mfuko mtupu, simu naiacha nyumbani. Marahaba yangu niliipata kesho yake Igunga, baada ya mama kunipapasa uso mzima.