Miti ya Mama Kando ya Tarach

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Lodwar, nilipewa fimbo ndefu ya kupimia, nikaambiwa nisimame nayo juani. Nikasimama. Wenzangu wakasonga mbele, mimi nimesimama tu, mpaka Afisa wa Malisho akageuka. "Ekai, umeota mizizi? Sogea, bwana."

Kazi yenyewe, wajukuu, ilikuwa hivi. Picha ya setilaiti inaonyesha rangi tu. Sisi tunaenda kwa miguu kuona kila rangi ni mmea gani. Huko ndiko kuhakiki. Ramani ikikamilika, wakubwa wanajua pa kulisha mifugo na pa kupumzisha ardhi. Viatu vya serikali vilinibana nikarudia akala zangu, lakini hayo tuyaache.

Nilipelekwa Namoruputh, kwenye nyasi. Nikapelekwa Todonyang, nikala samaki mpaka nikasahau ladha ya maziwa. Mwisho nikaletwa Kakuma, chini ya Mkuu wa Ramani, mama mmoja asiyependa soga. Mimi naye, fikirieni.

Sasa kwetu Turkana kila jamaa ina ekwar, yaani miti yake ya kando ya mto. Maganda ya mgunga yakianguka kiangazi, ni ya mbuzi wa jamaa hiyo. Ekwar ya mama yangu ilikuwa hapo kwenye mto Tarach. Wachoma makaa walikuwa wamemaliza miti ya juu na ya chini yake, na kwenye ramani ilibaki kijani peke yake, kama kiraka.

Mkuu wa Ramani akaja kwa mama, akamsalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mama. Tukizungushia ua, miti itabaki. Lakini ua hauchagui mbuzi."

Mama akanigeukia mimi. "Na mimi nitakaa wapi?"

"Nje, mama."

"Na wenye shoka?"

"Nje pia."

Akatema tumbaku. "Basi fungeni. Maganda nitayasikia yakianguka."

Aliyasikia viangazi kadhaa, kisha tukamzika.

Nimestaafu, nakaa Kanamkemer. Vijana wa ofisini hunionyesha ramani mpya kwenye simu. Kile kiraka kimenenepa. Nafurahi, sisemi uongo. Ila kiangazi kikiingia napanda gari mpaka Kakuma, nasimama penye ua palepale alipokuwa akikaa mama. Upepo wa mchana ukivuma, maganda machache huangukia upande wangu. Nayaokota yote, natia mfukoni. Mbuzi sina tena.