Mama Aliiuliza Nyumba Kwanza

Shwaaa, ta. Shwaaa, ta. Kabla hujamwona mama ulikuwa umeshamsikia: slipa ya kushoto ikiburuzwa kwenye saruji ya veranda, kisha mguu wa kulia ukitua upesi kumwokoa mwenzake. Mstari wetu wote wa nyumba pale mtaa wa Ziwani uliijua sauti hiyo. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imelika, na kufikia mwanzo wa miaka ya themanini hakuweza tena kufika kanisani. Jumapili tulimwachia chai kwenye chupa, tukatoka na nguo zetu zilizopigwa pasi, tukaufunga mlango taratibu kama wezi. Yeye, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, alibaki ndani akiimba na redio.

Mjomba, kaka yake mkubwa, karani aliyevaa tai hata siku za mapumziko, alitusindikiza hospitalini. Daktari alitoa kwenye droo kiungo cha bandia: tufe la chuma linalong'aa juu ya shina refu, na kikombe cha plastiki cha kulipokea. Angekata kichwa cha mfupa kilichoharibika, alisema, na kuweka hiki mahali pake.

"Tumekubali, daktari," mjomba akasema. "Tutie sahihi wapi?"

"Ndugu yangu," mama akamgeukia, "kumbe nyonga inayouma ni yako? Basi lala wewe kitandani, nitakuletea uji."

Daktari alicheka, akamkabidhi mama kile chuma. Naye akakipima mkononi kama anayechagua viazi sokoni.

"Kinashika kutu?"

"Hapana. Lakini baada ya miaka kinaweza kulegea au kuchakaa, ikabidi tukupasue tena."

"Na kupasuliwa kwenyewe?"

Hakumficha kitu. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Damu inaweza kuganda mguuni. Tufe linaweza kuchomoka, ndiyo maana asingekaa tena chini, wala kuchuchumaa, wala kukunja nne.

"Nisipofanya, nitakufa?"

"Nyonga haitakuua. Maumivu yatabaki, na mwendo utazidi kupungua."

"Kwa hiyo si lazima."

"Si lazima, mama. Uamuzi ni wako."

"Basi ngoja nikaiulize nyumba yangu."

Sikumwelewa mpaka jioni, alipokaa kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa na kuanza kunionyesha vitu kwa mwiko. Jiko, chini. Karai la kufulia, chini. Kitanda, karibu kigusane na sakafu. Na choo cha mstari mzima: tundu kwenye saruji na pa kukanyagia kila upande. Maisha yetu yote yalipita chini ya magoti.

"Sasa dada," mjomba akasema, "tutaibomoa Ziwani?"

"Hatubomoi. Tunainua."

Ilianza kazi ambayo bado naiona kama sherehe. Kitanda kilipandishwa juu ya matofali. Jiko likapanda meza ya chuma. Jirani yetu seremala akaunda kiti kirefu chenye tundu katikati, cha kusimamishwa juu ya tundu la choo. Vijana wa veranda walishangilia kilipopita.

"Sasa mathe! Umejitengenezea kiti cha enzi?"

"Ndiyo. Na atakayekikalia atajua mimi ni malkia wa aina gani!"

Aliishi huko juu majuma kadhaa, akijaribu kila kitu kwa mguu ule ule mbovu: kupika, kufua, kukaa, kuinuka. Aliporidhika alirudi kwa daktari. "Sasa najua ninachokubali," alisema, akatia sahihi mwenyewe, mjomba akimshikia mkoba.

Niliogopa sana asubuhi waliyomsukuma kwenda kupasuliwa. Yeye aliniambia nisisahau kumwagilia sukuma wiki. Kisha yakaja maumivu mapya, mto kati ya mapaja, magongo mawili, gongo moja, fimbo. Kila alichokatazwa nyumba yetu ilikuwa imeshajifunza.

Halafu Jumapili moja, tukiwa bado tunagombania pasi, nilisikia hatua zikivuka chumba. Ta. Ta. Ta. Ta. Zililingana kama makofi ya kwaya. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisani, fimbo ikining'inia mkononi bila kazi.

"Mtanikuta huko," alisema.

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kwa kishindo.