Korongo Wawili wa Fito Mbichi

Aliyemuua mke wangu ni afisa mmoja mwenye muhuri. Nalisema waziwazi, anichukie anayetaka. Ila nikilisema lote, na mimi nimo.

Miaka ile ya ukimbizi mke wangu alikuwa kambini, ana mimba kubwa, miguu imevimba. Mimi nilitoroka nikajibanza mjini, mtaa wa Rusimbi, nasuka vikapu vya dagaa. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na vibali vilikuwa kwa yule afisa, mtu wa kuja, serikali imempa nyumba Katubuka. Alijua sina karatasi. Ndiyo maana alinipenda.

"Wewe Mrundi, unasuka vikapu tu?"

"Nasuka chochote, mzee."

"Nisukie korongo wawili, warefu kama mimi, wasimame bustanini kabla mkubwa wangu hajaja. Wakisimama, mkeo anakuja kujifungulia hospitali hapa mjini."

Kwetu fito hukatwa, huambuliwa gome, hukaushwa juani mpaka zikauke kabisa. Marehemu baba alinichapa kwa kusuka fito zenye gome. Lakini mimi nilikuwa na haraka. Nilikata fito kando ya mto Luiche, nikazisuka mbichi, na magome yake: shingo, mabawa, kishungi kichwani. Miguu nikaichimbia ardhini. Siku mbili, kazi imekwisha.

Afisa aliwazunguka korongo wake, akapiga makofi. "Mkubwa akishawaona, naandika."

Mkubwa akachelewa. Mvua ikaanza. Nilipoitwa tena, wale korongo walikuwa wametoa majani mwili mzima, mpaka kwenye macho. Fito zimeshika mizizi! Mke wa afisa alikuwa kibarazani, anacheka ameshika mbavu.

"Mume wangu, chukua jembe ukapalilie ndege wako!"

Afisa hakucheka. "Nimekuagiza ndege, wewe umenipandia ua?"

"Niandikie kwanza, mzee. Nitasuka wengine. Siku za mwenzangu zimekaribia."

"Kwani mimba nimempa mimi? Nenda kasuke."

Safari hii niliambua gome. Nikaanika. Jua la masika linachungulia kidogo, linaondoka. Nikawa nazitoa fito, nazirudisha ndani, nazitoa tena, kama mtu anayelea mgonjwa. Na kila siku nilijua kwamba ningeziambua mara ya kwanza, mke wangu angekuwa mjini tayari.

Mkubwa alikuja, akapigwa picha kati ya korongo wapya, akaondoka. Afisa akagonga muhuri.

Nilifika kambini nimeificha ile karatasi kifuani isilowe. Jirani yetu wa hema aliponiona kwa mbali, alikaa chini palepale njiani, akajifunika khanga usoni. Mke wangu alijifungulia hemani, mvua inanyesha, damu ikakataa kukatika. Mtoto hakulia hata mara moja. Walikuwa wameshazikwa siku nne zilizopita.

Nikageuka nirudi mjini. Sikujua naenda kufanya nini huko. Mlinzi wa geti la kambi akaisoma karatasi, akanitazama.

"Hapa ameandikwa mwanamke. Yuko wapi?"

Nikamwonyesha upande wa makaburi.

Akaikunja ile karatasi. "Pole. Basi karatasi inabaki hapa, haitumiki kwa mtu mwingine. Yako wewe iko wapi?"

"Sina."

"Rudi ndani."

Nikarudi ndani.