Jani la Isale kwa Baba Mkubwa

Usiku ule nililala na sare ya shule, maana nililia mpaka nikachoka. Jioni Baba alikuwa ameng'oa masale yote ya mpakani ili mafundi wajenge ukuta kati yetu na Baba Mkubwa, kaka yake. Hawajasalimiana tangu matanga ya Bibi. Huku kwetu mlimani isale, mmea wa majani marefu, ndilo linaloonyesha mpaka, na ndilo linaloonyesha walipolala wazee. Bibi amelala palepale.

"Umemng'oa na mama," Baba Mkubwa alisema, amesimama migombani kwake.

Baba akang'oa isale jingine. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, nikanyamaza kama kawaida yangu.

Usingizini Bibi akaja. Alikuwa na udongo mpaka magotini, amekumbatia mizizi ya masale kama mtoto mchanga.

"Mlinizika na kitenge kinachowasha," alisema. Nilitaka kucheka, ila yeye hakuwa anacheka.

Tukawa tunapanda kando ya mfereji, ule waliouchimba mababu kuleta maji kutoka msituni. Maji hayapo. Halafu mfereji ni darasa letu, Bibi ameketi kwenye meza ya mwalimu, ananiambia nisimame niwataje waliolima shamba letu kabla ya Baba. Majina nayajua, alinifundisha yeye tukimenya ndizi. Mdomo haufunguki. Kila ninavyonyamaza ukuta unapanda mbele yake, tofali juu ya tofali, na darasa zima linaniangalia.

"Mdomo umeuacha wapi wewe?"

Sasa yuko upande wa pili, naona kilemba tu. Kisha hata kilemba sikioni. Unapita mkono wake juu ya ukuta, umeshika jani la isale lililofungwa fundo. Hilo ndilo jani tunalopeleka kuomba msamaha, na anayeletewa hawezi kulikataa, hata kama aliuliwa ndugu.

"Baba yako alipeleke mwenyewe," anasema. "Kabla zege halijamwagwa. Mwambie."

"Bibi, namwogopa."

"Hata mimi nilikuwa namwogopa. Na nilimzaa."

Nikaamka. Nje koleo lilikuwa linakwaruza, mafundi wameshaanza kuchanganya. Nikatoka pekupeku hadi kwenye lundo la masale nyuma ya banda la ng'ombe, nikachuma jani, nikalifunga fundo.

Baba alikuwa anavuta kamba ya msingi pale masale yalipokuwa.

"Viatu viko wapi?"

"Bibi amesema umpelekee Baba Mkubwa." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Wewe mwenyewe. Kabla ya zege."

Koleo likanyamaza. Baba akalitazama lile jani, akatazama migomba ya kaka yake. Mkono wake ulikuwa na saruji. Akaufuta kwenye suruali, akaukagua, akaufuta tena, ndipo akaunyoosha kupokea jani.